Besi Ndani ya Korongo Kimya

Inatangazwa kwa umma, na ubao wa kijani wenye herufi nyeupe uliosimikwa kwenye lango la juu la Korongo la Stilkloof ndio shahidi, ya kwamba: korongo hili limetengwa kwa ajili ya burudani pekee, hairuhusiwi kuingia watu pungufu ya watatu, hairuhusiwi kuwasha moto, hairuhusiwi kutembea usiku, na ya kwamba, kwa sababu ya kimo cha kuta zake na jinsi zilivyojipinda, hakuna sauti wala mawimbi ya simu yanayoweza kutoka ndani kwenda nje, hivyo kila aingiaye ajihesabu kuwa hasikiki mpaka atakapotokeza upande wa pili. Ofisi ya hifadhi imetoa tangazo hilo kwa lugha tatu, na katika zote tatu hakuna kosa la tahajia, jambo ambalo kwa ubao wa serikali si dogo.

Stilkloof maana yake ni Korongo Kimya. Jina lilitolewa zamani na mpima ardhi mmoja aliyekaa ukingoni alasiri nzima, asisikie kitu, akaandika. Kama korongo nalo lilimsikia yeye, hakuandika.

Dortea Apollis amelipita korongo hilo kutoka juu mpaka chini mara nyingi kiasi kwamba ukimwuliza ni mara ngapi, naye hukuuliza umekula ugali mara ngapi. Siku za kazi hushona viatu vya ngozi katika karakana ya misheni ya Salemsdal, kijiji chetu cha Wamoravian kilicho chini ya mdomo wa korongo. Jumamosi huwaongoza majini watu wa mjini, wale ambao nyumbani kwao bafu likikosa maji moto huita fundi. Huwavika suti za mpira, huwafunga kamba, huwashusha kwenye maporomoko, na jioni huwatoa upande wa pili wakiwa na midomo ya rangi ya zambarau na furaha isiyoelezeka. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Wahenga hawakuijua suti ya mpira, ambayo mtu huivaa kwanza ndipo ayaoge, na akishayaoga hawezi kuivua bila msaada wa ndugu.

Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, asiyepandisha sauti. Kifua chake chenye pumzi nyingi baba yake alikiona mapema lakini hakusema, kwa sababu alikuwa na mtoto wa kiume.

Baba huyo, Abram Apollis, ndiye aliyepiga besi katika bendi ya tarumbeta ya kanisa tangu wengi wetu hatujazaliwa. Besi ni ile tarumbeta kubwa kuliko zote, ambayo mpigaji huipakata kama ndama mgonjwa. Ilikusudiwa imwendee Kerneels, mdogo wake Dortea. Abram alimfundisha Kerneels kwa bidii mpaka mbwa wa jirani akahamia upande wa pili wa kijiji, lakini kilichotoka kwenye besi kilikuwa pumzi tupu. Kerneels akawa dereva wa lori. Honi ya lori ndiyo ya pekee iliyowahi kumtii.

Dortea alijifunza mwenyewe nyuma ya karakana, na baba alipougua akakaa kwenye kiti chake. Baraza la wazee wa kanisa lilikutana kujadili kama mwanamke anaweza kushika besi. Kiongozi wa bendi, Mjomba Floors Ockhuis, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mnataka besi au mnataka ndevu?" Kikao kikafungwa kwa sala.

Sasa, alfajiri ya Pasaka bendi ya Salemsdal huzunguka kijiji gizani ikiamsha watu, kisha wote tunapanda makaburini kungoja jua. Jua likigusa jiwe la kwanza, mchungaji husoma majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita, na kila jina hupigiwa ubeti. Kwa desturi yetu besi ndiyo huanza kila kitu: noti moja ndefu, ya chini kabisa, peke yake, kabla tarumbeta nyingine hazijafungua mdomo. Mtoto wa Salemsdal anaweza kulala katikati ya radi. Kwenye noti ile hawezi.

Mwaka ninaousimulia, jina la Abram Apollis lilikuwa kwenye orodha. Dortea alitaka kitu kimoja tu, nacho alikisema mara moja, jikoni, akiwa anamenya viazi: baba yake asisomwe bila besi yake.

Tatizo ni kwamba siku ya mazishi mtu mmoja mwenye huzuni nyingi na miguu mikubwa alikanyaga bomba la besi hiyo, ikabidi ipelekwe kwa fundi huko Agterberg, mji ulio juu ya mlima. Alhamisi kabla ya Pasaka Dortea na Kerneels walipanda na lori, wakashusha viatu dukani, wakaichukua besi ikiwa imenyooka. Usiku huo, wakiwa wamelala kwa shangazi yao, mlima ulidondosha jiwe juu ya barabara pekee ya kushukia kijijini. Lilikuwa la ukubwa wa nyumba ya mtu mwenye uwezo. Njiani liliangusha na nguzo ya simu, kwa hiyo Salemsdal haikujua lolote ila kwamba besi imekwenda na haijarudi.

Msimamizi wa barabara alilizunguka jiwe, akalipiga teke, akasema mashine itakuja Jumanne.

"Jumanne Bwana Yesu atakuwa ameshafufuka," alisema Kerneels.

"Yeye hakuwa na jiwe la ukubwa huu," alijibu msimamizi, akaenda zake kwenye sikukuu.

Kuna njia ya mbuzi inayopita juu ya mlima, nayo huchukua siku mbili kwa mtu asiyebeba besi. Korongo huchukua siku moja kwa watu wepesi wanaoingia alfajiri, na siku na usiku kwa wengine. Dortea alisimama kwenye uzio wa shangazi yake, akatazama anga safi lisilo na wingu hata la kusingizia, akasema, "Tutapita ndani."

"Tutapita nani?" aliuliza Kerneels.

"Mimi na besi. Na wewe, kwa sababu lazima watu wawe watatu."

"Besi inahesabiwa?"

"Hapana. Wa tatu tutampata langoni."

Ijumaa Kuu hapo kwetu sindano haishikwi. Dortea aliishika. Alinunua mpira wa ndani wa gurudumu la trekta, akaukata, akaishonea besi joho kwa uzi wa nta, mishono miwili miwili kama ya kiatu cha mvua, kisha akapaka gundi juu ya kila mshono mpaka chupa ikaisha. Shangazi alifunga mapazia ili majirani wasione.

"Baba angekuchapa," alisema Kerneels.

"Baba angeshika upande wa pili wa mpira."

Kerneels alifikiri, akashika upande wa pili wa mpira.

Jumamosi asubuhi walimkuta langoni askari wa hifadhi, Wessel Brink, kijana wa Kikaburu mwenye masharubu membamba na utaratibu mwingi. Yeye ndiye aliyeuandika ule ubao, kwa mkono wake, pamoja na lugha zote tatu. Aliwasalimu vizuri, kisha akaanza kazi.

"Madhumuni ya safari, Anti Dorti?"

"Burudani."

Wessel alilitazama furushi jeusi lenye umbo la mnyama aliyekufa kwa uvimbe. "Na hicho?"

"Ndiyo burudani yenyewe."

"Mko wawili."

"Ubao unakataza wawili," alisema Dortea. "Je, unamkataza mwenye ubao asiwe wa tatu?"

Wessel alikwenda kuusoma. Aliusoma wote, ingawa aliujua. Aliporudi alikuwa ameshaanza kutabasamu upande mmoja wa masharubu. Amelishuka korongo hilo mara kadhaa na kamba anazijua kuliko wengi, lakini hakuwahi kulala ndani, na huenda jambo hilo lilikuwa likimsumbua kimyakimya, kama mtu anayeuza kitabu asichokimaliza. "Nina zamu mpaka Jumatatu," alisema. "Ubao hausemi zamu nikae upande gani wa lango."

Suti ya mpira ya Kerneels ilikuwa ya kuazima, kutoka kwa mtu aliyekuwa na tumbo la kawaida. Zipu ilipanda mpaka kitovuni, ikakataa. Dortea alivuta, Wessel akavuta, zipu ikabaki na msimamo wake.

"Hewa itapita," alisema Kerneels kwa matumaini.

"Si hewa itakayopita," alisema Dortea.

Mwisho wa Aprili, maji ya Stilkloof yana rangi ya chai ya rangi na baridi ya kisu kilicholala nje. Jua huingia humo kidogo tu adhuhuri, hugusa ukuta mmoja, huondoka kama mgeni aliyekosea nyumba. Kwenye poromoko la kwanza Wessel alipitisha kamba katika ringi ya chuma iliyopigwa mwambani, akakagua fundo, akalikagua tena, akashuka. Ikafuata besi, ikizunguka polepole hewani kwa heshima zake. Akafuata Kerneels, ambaye alizunguka pia. Alipoingia majini na maji yakaipata ile zipu, alitoa sauti iliyomfanya Dortea, kule juu, ainamishe kichwa na kusikiliza.

"Ingekuwa ndiyo noti," aliita chini, "baba angekuwa amestaafu mapema!"

"Dada, mimi nakufa!"

"Kufa ukiogelea! Nafasi ya kutua naihitaji!"

Hivyo ndivyo walivyokwenda. Kidimbwi, mwamba, poromoko, kidimbwi. Joho la besi lilishika. Furushi lilielea mbele yao likipiga vikumbo kwenye kuta, na Dortea akilisukuma kwa kiganja kama mama anayempeleka mtoto mkaidi shule. Penye Shingo, ambapo kuta mbili hukaribiana hadi mtu apite ubavu, kulikuwa na mjadala. Kati ya besi na Kerneels, besi ilipita kwanza.

"Vuta pumzi ndani," alisema Wessel.

"Ndani hakuna nafasi, mkuu," alisema Kerneels. "Kuna mkate wa shangazi."

Walimvuta kwa kamba. Alitoka na kelele ya kizibo, na begi lake la kulalia, ambalo alikuwa amelifunga mwenyewe kwa fundo la wafungaji wa viazi, likafunguka, likanywa maji mpaka likatosheka.

Giza likawakuta mahali panapoitwa Tanuru. Ni pango la mviringo, lina mchanga mkavu wa kuwatosha watu wanne, na limeitwa Tanuru na watu wa Salemsdal kwa sababu ndipo mahali pa baridi kuliko pote korongoni. Sisi ndivyo tunavyotoa majina. Wessel alisema hata kama moto ungeruhusiwa hakuna kuni, na alikuwa sahihi kwa yote mawili. Wakala mkate na samaki mkavu, wakanywa chai ya chupa. Kerneels wakamvua suti, wakamvika kila kilichokuwa kikavu, wakamweka katikati, ndani ya begi la Dortea. Meno yake yaligongana kama mashine ya cherehani.

Walilala, au walifanya kinachofanana na kulala. Usiku ulipokuwa umekwenda sana, Dortea alizinduliwa na kimya. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Kerneels."

"Mmh."

"Unasikia baridi?"

"Kidogo tu. Imeshaisha, kwa kweli. Niache nilale, dada."

Dortea alimwashia Wessel taa ya kichwa usoni, naye Wessel alikuwa tayari yuko macho. Watu wa makorongo humhurumia anayetetemeka. Wanayemwogopa ni yule aliyeacha. Wakamkalisha. Wakamsugua. Wakampa mwisho wa chai, ikateremka kidevuni. Wakamwambia asimame, akasema anasimama, akiwa ameketi. Kichwa kilimwangukia kifuani kila walipokiacha.

"Lazima afanye kazi," alisema Wessel. "Kazi ya kutoka ndani. Hapa hatuwezi kumkimbiza."

Dortea alilitazama furushi. Gundi ilikuwa imekwisha Ijumaa. Joho likifunguliwa halifungiki tena, na mbele yao kulikuwa bado na poromoko la mwisho na lile lindi refu la maji la kutokea, ambalo halina kingo za kutembelea. Besi ikijaa maji mle huzama mpaka mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika. Alichomoa kisu cha kushonea viatu, akakata mshono wa juu, akaitoa besi kichwa na mabega, akampakatisha mdogo wake.

"Piga."

"Dada, mimi siwezi..."

"Najua huwezi. Dunia nzima inajua. Piga."

Kerneels alipiga. Ikatoka pumzi.

"Tena."

Pumzi.

"Wessel," alisema Dortea, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "hujui kwa nini huyu aliendesha lori. Ni kwa sababu pikipiki ina sauti nyembamba, ilikuwa ikimtisha."

"Aa," alisema Wessel, aliyeelewa upesi. "Mimi nilidhani ni kwa sababu ya tumbo."

"Mkuu, hata wewe!" alisema Kerneels, na kulikuwa na uhai kidogo katika sauti yake.

"Mkewe huwasha lori yeye akiwa amelala," aliendelea Dortea. "Linawaka kwa furaha."

"Mwongo mkubwa wewe! Dada, ningekuwa na nguvu ningekutupa majini!"

"Huna. Ndiyo maana umekaa umeshika besi ya baba kama umeshika beseni la kufulia."

Kerneels alivuta pumzi ya hasira mpaka kwenye vidole vya miguu, akaipiga yote ndani ya besi, na noti ikatoka.

Ilikuwa ya chini, ndefu, ilikuwa inayumba kama mlevi mwenye adabu, lakini ilikuwa noti. Tanuru liliipokea, likaizungusha, likairudisha kubwa zaidi. Wessel alisema baadaye kwamba aliisikia kwenye magego. Ilipokwisha, Kerneels aliitazama besi, akamtazama dada yake.

"Hiyo ni mimi?"

"Bila shaka. Mimi singepiga hivyo."

Baada ya hapo hakuwa mtu wa kuzuiwa. Alipiga, akapiga, akapiga, noti ileile moja, mpaka jasho likamtoka kwapani na meno yakaanza tena kugongana, na Dortea na Wessel wakayasikiliza yakigongana kama watu wanaosikiliza mvua baada ya ukame. Alipochoka, Dortea alimpokea akapiga beti mbili za Pasaka, ili midomo yake yeye isigande. Kisha wakabadilishana tena.

Giza lilipopauka kidogo, Dortea alifunga kamba ya kofia ngumu.

"Kutembea usiku hairuhusiwi, Anti."

"Usiku unaisha saa ngapi, Wessel?"

"Ubao hausemi."

"Wewe ndiye uliyeuandika."

"Ndiyo maana najua hausemi." Naye akaanza kukunja kamba.

Kwenye poromoko la mwisho watu wa mjini huruka, na kupigwa picha. Safari hii hakuna aliyeruka. Wessel aliifunga besi kwa mafundo manne, mdomo juu, joho la mpira likiwa limeishika mpaka kifuani kama mtu aliyekaa ndani ya mtumbwi. Kerneels alitangulia chini kuipokea. Zipu ilikuwa palepale. Hakupiga kelele, alihitaji pumzi zake.

"Isiguse ukuta!" aliita Dortea.

"Naiona! Teremsha! Teremsha... simama! Wessel, mkuu, simama!" Kisha, "Ninayo."

Besi iliyosimama mdomo juu ndani ya joho lisilovuja ni ndoo tu, na ndoo haizami mpaka mtu aijaze. Hesabu yenyewe ni rahisi. Kazi ni kumwambia hivyo yule anayeogelea kwenye maji ya kuganda huku akiishikilia wima. Waliogelea watatu wakiizunguka, mkono mmoja mmoja kwenye ukingo wa mpira, uso kwa uso, bila kurusha tone. Wimbi dogo lilipanda mara moja upande wa Kerneels, akaliziba kwa shavu. Katikati ya lindi miguu ya Dortea iliacha kumpa taarifa zozote. Aliendelea kuitumia kwa imani.

Walipokanyaga changarawe ya upande wa pili, anga juu ya mdomo wa korongo lilikuwa la kijivu cha njiwa. Makaburi yetu yako hapohapo, kwenye mteremko wa kwanza. Dortea alikuwa amepanga mambo njiani: atakimbia mpaka kijijini, atamwamsha Mjomba Floors, bendi itakusanyika kwa haraka, watazunguka nusu ya kijiji, watapanda. Ingewezekana, kama kila mtu angepata viatu vyake.

Akapanda ukingo na besi begani, akasimama.

Salemsdal yote ilikuwa imekaa makaburini. Wazee kwenye viti, watoto kwenye mablanketi, kwaya, wazee wa kanisa, bendi nzima na tarumbeta mapajani, na mchungaji aliyekuwa akisinzia kwenye jiwe la marehemu mkwewe. Nyuso zilikuwa za watu waliokaa hapo muda mrefu. Mjomba Floors alikuwa amesimama mbele yao amevaa kiatu mguu mmoja na kandambili mguu wa pili.

"Mnafanya nini hapa?" aliuliza Dortea.

"Unatuuliza sisi?" alisema Mjomba Floors. "Mtu analala nyumbani kwake, ana haki zake, anasikia besi. Najisemea, Floors, bendi imeanza. Kisha najisemea, Floors, kiongozi wa bendi si ni wewe? Natoka mbio. Njiani nakutana na tarumbeta zote zinakimbia, kila moja inadhani imechelewa peke yake. Tunafika kanisani, nauliza nani ameanza, wanasema si wewe? Nikasema mimi niko hapa na kiatu kimoja."

"Na kijiji kizima kimeshavaa," alisema Dada Mina, mzee wa kanisa, ambaye alikuwa upande wa ndevu katika kile kikao. "Nguo za Pasaka, usiku wa manane."

"Ndipo ikalia tena," alisema Mjomba Floors. "Kutoka mlimani. Nikawaambia, hiyo si Dorti. Dorti huisimamisha noti. Hiyo inayumba. Hiyo ni Kerneels."

"Tukamwambia Mjomba, Kerneels hana noti," alisema mpiga tarumbeta mmoja.

"Nikasema ndiyo maana. Kama Kerneels amepata noti basi mambo ni mabaya, na kama anaendelea kuipiga basi yanatengemaa. Na inavyorudi ni ya Tanuru, hakuna kwingine. Nikasema gizani haingii mtu. Twendeni juu tungoje, nao watakuja na jua."

Kerneels alikuwa ameshavikwa mablanketi matatu na kushikishwa kikombe. Dada Mina alimtazama Dortea kutoka kofia ngumu mpaka vidole, maji yakichuruzika kutoka kwenye suti ya mpira.

"Kanuni ya bendi ni suti nyeusi," alisema.

Dortea alijitazama. "Hii ni nyeusi."

Dada Mina aliichunguza kwa haki, kama ilivyo kazi ya mzee wa kanisa. "Ni nyeusi," alisema, akasogea kumpa nafasi.

Jua likagusa jiwe la kwanza. "Bwana amefufuka," alisema mchungaji, sasa akiwa macho, nasi tukaitika kwamba amefufuka kweli kweli, kwa sauti za watu waliosubiri kulisema hilo tangu usiku wa manane. Majina yakaanza. Yalikuwa kwa alfabeti, kwa hiyo la kwanza lilikuwa Abram Apollis.

Mjomba Floors alinyoosha mkono kuelekea kwa Kerneels. "Aanze aliyetuamsha."

Kerneels aliweka kikombe chini. Akaipakata besi ya baba yake mbele ya kijiji kizima, akavuta pumzi mpaka kwenye vidole vya miguu, akapiga.

Ikatoka pumzi.

Dortea aliipokea bila haraka, akapangusa mdomo wake kwa kiganja, akaweka noti. Ilisimama. Ilikaa chini ya mteremko mzima kama sakafu, na tarumbeta nyingine zikaja zikasimama juu yake. Abram Apollis, kama alisikia, alisikia watoto wake wote wawili wakipiga kama kawaida yao.

Wessel Brink alirudi kazini Jumanne, jiwe lilipoondolewa. Ubao bado upo pale langoni. Kila mwaka huupaka rangi upya na hajabadilisha neno, kwa kuwa kubadilisha neno kunahitaji kibali cha ofisi kuu katika lugha zote tatu. Asubuhi ile ya Pasaka, akiwa amekaa juu ya ukuta wa makaburi na blanketi la mtu mabegani, alipewa kahawa na Dada Mina. Ilikuwa ya birika la tatu. La kwanza lilikuwa limewekwa motoni Kerneels alipopata noti yake.